Acheni Tundu Moja

Hotuba ya fundi mwashi mstaafu kwenye mahafali ya chuo cha ufundi, Dar es Salaam

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mliovaa majoho kwenye joto hili: assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na waliobaki, hamjambo?

Barua iliyoniita hapa ilisema nizungumzie uzoefu na maadili ya kazi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Ila maadili mmeshafundishwa na watu wenye vyeti kunizidi, na uzoefu wangu wa miaka arobaini, ukiukusanya wote, mwingi ni mgongo kuuma. Kwa hiyo nitazungumza juu ya ndege. Mkuu wa chuo asishtuke. Ndege ninaowasema wanaishi ukutani, na ukuta ndiyo kazi yetu.

Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Ukumbi: Yai!)

Haswa. Leo asubuhi mkufunzi wenu amenizungusha karakana nzima, nimeona kuta zenu za mtihani. Nimeshusha timazi kwenye kona tatu, sikupata kosa. Lipu imenyooka, linta zimekaa, paa limefungwa vizuri hata sisimizi akitaka kuingia itabidi apige hodi. Nikajiuliza, katika kuta zote hizi, shomoro angetaga wapi hilo yai? Sikuona pahali. Kwa mitaala ya sasa hiyo maana yake mmefaulu, na mimi kama ningekuwa msahihishaji ningewapa alama zenu zote. Halafu ningerudi nyumbani nikiwa na huzuni kidogo.

Mimi nimezaliwa Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, baraza mbele, uani nyuma. Pale ukuta ulipoishia na bati lilipoanzia palikuwa na pengo la kiganja. Pengo hilo halikuwa uzembe wa fundi. Liliachwa makusudi, joto la bati lipate pa kutokea. Na humo ndani, juu ya boriti, ndimo walimokuwa wakiishi shomoro, wakubwa na watoto wao, na majani yao makavu yakining'inia nje kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Bibi yangu alikuwa akipepeta mchele uani kila siku, yapata saa nne. Vijana, mchele wa wakati ule haukuja ndani ya mfuko wenye picha ya mwanamke anayecheka. Ulikuja na chuya, na mawe, na pumba, na mara nyingine na wenyeji wake wenye miguu sita. Bibi akirusha ungo mara ya kwanza, juu kimya. Mara ya pili, kichwa kimoja kinachungulia. Dume huyo, utamjua kwa kidevu cheusi, kama mtoto aliyelamba sufuria ya kashata iliyoungua. Ukija mrusho wa tatu wako chini kumi na tano, wanarukaruka kwa miguu miwili pamoja, maana shomoro hajui kutembea kama kuku. Wanakula chuya, wanajigaragaza kwenye vumbi chini ya mwembe mpaka kila mmoja ameacha kishimo chake mfano wa kikombe, wanagombana, wanapanda juu tena. Bibi aliwaita "wapangaji wangu". Jirani mmoja aliwahi kumuuliza, hao wapangaji wanakulipa kodi gani? Akajibu: "Wao wananiamsha alfajiri. Wewe unaniamsha usiku wa manane."

Nyumba ile haipo. Palipokuwa na uani pana ghorofa, chini maduka ya vitenge na vifaa vya simu, na mimi nilikuwa mmoja wa mafundi walioijenga. Sisemi hivyo kwa majuto, nililipwa na watoto wakasoma. Ila siku tunamaliza lipu ya nje nilisimama ng'ambo ya barabara kuitazama kazi, ghorofa zote zile, na ndege pekee aliyekuwa juu yake alikuwa kunguru.

Nikirudi kwa kunguru nitawataja kwa ubaya, na naona wawili wameshatua juu ya lile tenki la maji pale nyuma ya hema la chakula. Tuwaache kwanza.

Wengi mkisikia shomoro wamepungua mnasema ni mambo ya mji kukua. Kukua kwenyewe hakumfukuzi shomoro. Huyu ni ndege wa mjini kuliko sisi. Mwituni hapatani napo, anamfuata mtu, popote penye nyumba na nafaka. Kilichomfukuza ni namna tunavyokua. Hebu tuhesabu kifundi. Mchele unachambuliwa kiwandani, kwa hiyo chuya haziji nyumbani. Uani tumemwaga zege au tumepanga pevingi, kwa hiyo hakuna vumbi la kuogea wala nyasi. Na nyasi ndiyo habari kubwa, maana shomoro mkubwa anaishi kwa nafaka, lakini kinda la siku tatu halimezi mchele. Linalishwa viwavi, vidukari, buibui wadogo, vitu laini. Mama anaweza kuwa amekaa juu ya gunia la mtama na watoto wake wakafa njaa. Bustani nayo, kwa wale waliobaki na bustani, inapuliziwa dawa kila wiki hata kiwavi akionekana anapigwa picha. Halafu ndiyo tunakuja sisi, mafundi, na mwiko.

Nitawasimulia jambo moja ambalo nimelisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili lilikuwa kwa mke wangu.

Mwaka 1998 nilipata kazi ya ukarabati Sinza. Nyumba ya matofali, ya zamani kidogo, upande wa mashariki tofali moja lilikuwa limepasuka chini ya kenchi, pana tundu. Mwenye nyumba, mtu muungwana, hakuwa na neno baya kwa mtu, aliniambia: "Fundi, huo uchafu wa ndege niondolee." Ukuta ulikuwa umechafuka kweli, mistari myeupe imeshuka mpaka dirishani. Nikasema sawa mzee. Nikachanganya mchanga na saruji, nikapanda kwenye jukwaa, nikaziba, nikapiga lipu juu yake, nikasawazisha. Kazi ya nusu saa.

Nilikuwa bado juu, nafuta mwiko, shomoro jike alipokuja. Mdomoni ana kiwavi wa kijani, namwona mpaka anavyojikunja. Akatua pale pale penye tundu lake, hakukuta tundu. Akashika lipu mbichi kwa makucha, akateleza, akazunguka, akashika tena. Dume likaja, nalo likafanya vile vile. Sasa kibarua wangu, kijana mdogo, akaniambia, "Fundi, kuna sauti ndani." Nikaweka sikio. Kweli. Chii, chii, chii, nyuma ya kazi yangu nzuri.

Mngetaka niwaambie nilichukua patasi nikazibua. Sikuchukua. Saruji ilikuwa ya kuhesabu, mwenye nyumba yuko chini anatazama, na saa ilikuwa imekwenda. Nilimwambia kijana tuhamishe jukwaa. Nilichofanya, kabla ya kuhama, ni kusugua tena ile lipu, kwa sababu makucha ya yule ndege yalikuwa yameacha mistari midogo midogo, na mimi sikabidhi ukuta wenye alama. Kesho yake asubuhi jike lilikuwa bado linakuja na kitu mdomoni. Jioni halikuja.

Basi. Hilo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko wenu.

Sasa kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu, anayetuibia samaki Feri na mandazi mikononi mwa watoto wa shule, hakuzaliwa huku. Ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa kazi maalumu: ale takataka za mji. Ni afisa usafi aliyeajiriwa bila mkataba. Akala takataka, akaona hazitoshi, akaanza mayai na makinda ya ndege wengine. Kutoka Unguja akasambaa mwambao. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Hata kunguru wetu wa asili, yule mweusi mwenye kifua cheupe, amesukumwa nje ya miji mingi ya pwani. Hapa Dar es Salaam tumemtega na kumlisha sumu, wenzetu wa Malindi na Watamu vilevile, na mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Wangeongeza kwamba hafukuziki pia, maadamu jalala liko wazi.

Msinielewe vibaya, sina chuki na wageni. Shomoro wa kidevu cheusi naye asili yake ni ng'ambo. Wataalamu wanasema alifika huku pwani na meli. Wapo shomoro wa kwetu kabisa, wenye kichwa cha kijivu kitupu bila kidevu cheusi, na mmojawao anayepatikana Tanzania na kusini mwa Kenya, Mjerumani mmoja aitwaye Reichenow alimpa mwaka 1904 jina la kisayansi Passer suahelicus. Shomoro Mswahili! Sisi tunaonyang'anyana nani Mswahili na nani si Mswahili, ndege ameshapewa cheti zamani. Kwa hiyo shomoro wa kidevu na kunguru wote wawili ni wahamiaji. Tofauti yao, mmoja alikuja akaomba chumba, mwingine alikuja akachukua nyumba.

Na kunguru hawezi kuingia kwenye tundu dogo. Likumbukeni hilo, nitalirudia kwa milimita.

Kuna mzazi pale mbele ananitazama kama anayesema, mzee huyu anakumbuka ujana wake tu. Nikupe basi hesabu za watu wanaohesabu. London kuna bustani inaitwa Kensington Gardens. Mwaka 1925 kijana wa miaka 21, Max Nicholson, aliwahesabu shomoro wa bustani ile akapata 2,603. Mwaka 2000 wakahesabiwa tena bustani ile ile. Walikuwa wanane. Nane, mwanangu, si mia nane. Na Nicholson alikuwa bado yu hai, ana miaka 96. Huko hawana kunguru wetu wa majalala. Wamelaumu paka, wamelaumu moshi wa magari, wamelaumu upungufu wa wadudu, wamelaumu nyumba mpya zisizo na mianya. Mwaka 2019 watafiti wakatoa matokeo kwamba robo tatu ya shomoro waliowapima London walikuwa na malaria. Malaria ya ndege, haimshiki mtu. Lakini nilipoisikia nilicheka: sisi tunaambiwa malaria ni ya kwetu. Na Delhi, ambako shomoro alikuwa kama nzi kwa wingi, mwaka 2012 walimtangaza kuwa ndege rasmi wa jimbo lao. Ukiona kitu kimepewa cheo rasmi namna hiyo, jua kimeshaanza kutafutwa.

Nimetaja malaria, na hapa lazima niwe mkweli, maana kuna daktari amekaa meza kuu. Lile pengo la nyumba ya bibi yangu, lililowaingiza shomoro na kulitoa joto, ndilo pengo lililowaingiza mbu. Mbu wa malaria akiitafuta harufu ya mtu usiku hupanda na ukuta mpaka juu, akipata upenyo chini ya paa anaingia. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara wamelishughulikia pengo hilo miaka mingi. Katika nyumba ile ile ya Narung'ombe tulizika mtoto wa shangazi yangu, homa ya siku nne. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema fundi mzee kasema tuache paa wazi. Zibeni. Wekeni wavu madirishani, funika mdomo wa paa, mtoto alale salama. Mtu akikwambia uchague kati ya mtoto na shomoro, usimpotezee muda.

Ila sisi ni mafundi, hatuchagui. Tunachora upya.

Ndege hataki kuingia ndani ya nyumba yako. Anataka ndani ya ukuta wako. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katikati yake ndipo penye kazi ninayowaachia. Tundu lenye mdomo nje na kisogo kilichozibwa ndani, mfano wa mfuko wa shati. Mbu akiingia humo amefika mwisho wa safari. Kule Brighton, Uingereza, tangu mwaka 2020 jengo jipya linalozidi mita 5 kwenda juu linatakiwa liwekewe matofali maalumu yenye nafasi ya ndege ndani, kwa ajili ya ndege wa jamii ya teleka, wale wanaofanana na mbayuwayu, na shomoro nao huyatumia. Wao wanayanunua dukani. Ninyi mnafyatua matofali wenyewe, mna bahati kuliko wao.

Andikeni. Ndani ya ukuta, chini kidogo ya kenchi, acha chumba cha sentimita 15 kwa 15, kimo chake sentimita 20 au zaidi kidogo. Mdomo wake uwe milimita 32, inchi moja na robo, na uwe juu, si chini, ili kinda lisianguke kabla ya siku yake. Inchi moja na robo shomoro anapita, kunguru anaingiza mdomo basi, na kinda likikaa nyuma halifikiwi. Usipake rangi ndani wala usilainishe kwa saruji mbichi ukaiacha inang'aa, kwaruza, makinda yapate pa kushika. Usielekeze magharibi, jua la saa tisa la Dar es Salaam linaivisha yai. Weka matatu au manne jirani, shomoro hapendi kukaa peke yake, yeye ni mtu wa uswahilini. Na usiweke juu ya mlango wala juu ya dirisha la chumba cha mwenye nyumba, la sivyo utapigiwa simu kama nilivyopigiwa mimi, na mwenzako mwingine ataitwa kuziba.

Gharama? Tofali moja lililotobolewa. Hata kwenye makadirio halionekani.

Mbayuwayu na teleka wa huku kwetu, wao hawahitaji hata tundu. Wanajenga wenyewe, kwa udongo au kwa manyoya na mate yao, chini ya slabu, na wakati wote wako hewani wanakula wadudu warukao. Kwao nina ombi jepesi: mwenye jengo akikutuma uangushe viota, mwambie subiri mwezi mmoja, makinda yaondoke. Wengi wanakubali. Hawakuwa na ubaya, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia neno subiri.

Mkufunzi wenu ananiomba niseme kama nimejaribu hili mwenyewe. Nimejaribu. Kwangu Mbagala nimeweka matundu manne ukuta wa kaskazini. Mwaka wa kwanza hakuja mtu, isipokuwa mjusi kafiri aliyehamia na familia yake. Mwaka wa pili, nyigu. Mke wangu akauliza kama nimejenga gesti. Mwaka wa tatu, baada ya mvua za vuli, nilimwona dume moja la kidevu cheusi limekaa kwenye mdomo wa tundu la pili, linapiga kelele bila kupumzika tangu alfajiri. Lilikuwa linaita jike. Liliita siku tisa. Nilikuwa natoka na kikombe cha chai nakaa barazani nalisikiliza, najisemea, baba, mjini hapa jike umpate wapi.

Siku ya kumi kelele zilikoma. Nikaogopa kutazama. Nilipotazama, kulikuwa na unyuzi wa mfuko wa salfeti unaning'inia nje ya tundu, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Nimeandaa tofali la mfano, liko mezani karakana, mlitazame na mlipime, na anayetaka kulivunja aone ndani alivunje. Mshehereshaji ananionyesha saa, na harufu ya pilau nimeisikia tangu nilipokuwa Sinza. Mkishakula, tafadhali, sahani msiziache mezani na mabaki msimwage pale nyuma ya ukuta. Wale waliokuwa wawili juu ya tenki wamekuwa saba.

Ahsanteni sana.